Chupa Chafu ya Dirishani

Nilipochota udongo wa shamba lake, Mama alisema neno moja tu: "Ukikuta umekufa, nahama. Sibishani tena na kaka yako."

Udongo wenyewe ulikuwa mweupe kwa chumvi na magadi, ukiushika vidole vinateleza kama umeshika sabuni. Majirani walishaondoka mmoja mmoja. Kaka naye, kwa haraka hajambo, alikuwa amekwisha kumtafutia Mama chumba mjini.

Maabarani kwetu, udongo wowote ukifika tunauosha kwa maji safi yasiyo na chembe ya chumvi, kisha tunadondosha tone kwenye visahani na kungoja vijidudu viote. Nikafanya hivyo. Hakikuota kitu. Nikarudia kwa hasira, visahani vikabaki vitupu vilevile. Roho iliniuma. Ningemwambia nini Mama?

Tuna desturi nyingine pia: anayeacha chombo kichafu huosha vya wote. Asubuhi moja mwenzangu, tunayemwita Bi Usafi, na anajua kwamba tunamwita hivyo, alinikabidhi ndoo.

"Chupa yako iko dirishani tangu mwezi uliopita," alisema. "Sasa imeoza mpaka imekuwa ya waridi. Leo utatuoshea, dada."

Ndani ya ile chupa nilikuwa nimetia udongo wa Mama na maji kidogo, nikaisahau. Hakuna aliyeiosha, kwa hiyo chumvi na magadi yake yote yalikuwa mlemle. Niliweka ndoo chini, nikatia tone kwenye hadubini.

Kulikuwa kumejaa vijidudu pomoni. Virefu, vya mviringo, vingine vya mraba kabisa, vinapishana kama watu sokoni. Kumbe vilizoea chumvi, na maji yangu safi ndiyo yaliyokuwa yakivipasua, nami nikidhani navitendea wema. Nililia pale pale, sikuona haya.

"Na vyombo je?" Bi Usafi akauliza.

"Vitangoja."

Mama alikuja na kaka. Nilimweleza kwamba mahindi hayataota kesho, ila udongo ulio hai una pa kuanzia, na yapo majani yanayostahimili chumvi ambayo tungeyapanda kwanza. Sijui kama alinisikia. Jicho lake halikubanduka kwenye hadubini.

"Hawa wote wanakaa shambani kwangu?"

"Wote, Mama."

"Na chumvi yote ile, hawakuhama." Akamgeukia kaka. "Mwanangu, kile chumba mwambie mwenyewe atafute mpangaji mwingine."