Deski Lililohama na Keren

Asubuhi Keren alikunja gunia lake la kukalia, akalibana kwapani. Mama yake, Clémentine, alilifua ziwani mara tatu, na bado lilinuka chisense, wale dagaa anaouza. Watoto tisini na sita wa darasa la kwanza walisoma sakafuni. Tangu shule ifunguliwe Keren alikuwa na haja moja tu duniani: kukalia deski.

Siku hiyo Mungu alimsikia. Alikuta madeski kumi na mawili darasani. Walibanwa watano watano; waliokosa nafasi wakatumwa kuokota takataka nyuma ya vyoo.

"Mukae muzuri," alisema mwalimu wao, Madam Mpundu, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mugeni wa boma anakuya."

Mgeni huyo wa serikali akaja na faili, akahesabu madeski, akaandika. Mwalimu mkuu akamvuta kwanza ofisini akanywe Fanta. Hapo hapo wavulana wa darasa la saba wakaingia mbio, wakaanza kuhamishia madeski darasa la pili.

"Shuka, we mutoto!"

"Siwezi! Niko nasoma!"

Keren alilikumbatia deski kwa mikono miwili. Nani ana muda wa kubishana na kitoto cha miaka saba? Wakambeba pamoja nalo.

Mgeni alipoingia darasa la pili alimkazia macho.

"We, si nilikuona kule Grade One?"

"Ndiyo, papa. Tulihama na deski."

"Na kisha?"

"Kisha tutaenda Grade Three."

Mwalimu mkuu akakohoa mlangoni. Mgeni alimtazama, akamtazama mtoto, kisha akaandika kumi na mawili, kama alivyoandika kule kwingine, akafunga faili. Mtu mzima huyo, na shule amesoma!

Jioni Clémentine alikuwa akianua chisense.

"Mama, nilipita! Niko Grade Two!"

"Nani alikupitisha?"

"Ile deski njo ilinipitisha."

Clémentine alicheka mpaka akakaa chini, akamvuta binti yake kifuani, akambusu utosini. Alimpenda mno hata asiweze kumwambia ukweli usiku huo.

Kulipokucha alimnyooshea gunia.

"Na mufuko wako?"

"Patia bale batoto ba Grade One," Keren akasema, akashika njia mikono mitupu.