Lango la Katunge Halipanuliwi

Panga la kwanza lilipoangukia ua wa mnyaa, Katunge alikuwa akilishwa uji kitandani. Aliusukuma mkono wenye kijiko, akatega sikio. Mtu aliyepanda mnyaa kwa mikono yake anaujua mlio wake ukikatwa.

"Nani anakata ua wangu?"

Kanyiva, rika lake tangu wakiwa wasichana hapo Nuu, alichungulia ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama humo. "Kunywa, mwenzangu. Ni mwethya, wanakijiji wa kazi ya pamoja. Wamekuja kukusaidia. Wanapanua lango kidogo."

"Ili iweje?"

"Gari liingie."

"Gari gani?"

"La hospitali. Ukizidiwa."

Katunge alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Wazee wa Nuu hawadanganyiki hivyo. Mgonjwa hapanuliwi lango, hubebwa na wanaume hadi barabarani na maisha yakaendelea. Lango la jirani yake Nzioka lilipanuliwa alipovunjika nyonga kama yeye, akafanyiwa upasuaji kama yeye, akarudishwa akalazwa kama yeye. Gari lilipoingia kwake, lilimleta kutoka mochari, ndani ya sanduku. Watu walisema kisu cha daktari ndicho kilichomuua. Katunge mwenyewe alisema hivyo, tena kwa sauti.

Sasa alijua vingine. Alikuwa ameteleza kwenye kisima cha mchanga mtoni, mtungi ukabaki mzima, yeye akavunjika. Siku iliyofuata upasuaji, msichana mmoja wa Mwingi aitwaye Nasreen, kazi yake kurudisha viungo kwenye kazi, alikuja na chuma cha miguu minne cha kushikilia akamwambia asimame.

"Wewe mtoto, umetumwa na nani?" Katunge alipiga kelele hadi wadi nzima ikageuka.

"Nimetumwa na mguu wako, susu, bibi yangu. Umechoka kulala."

"Unaniua!"

"Maumivu haya hayaui. Kitanda ndicho kinaua. Ukilala tu, mapafu yanajaa, damu inaganda miguuni, ngozi ya mgongo inaoza. Leo fika mlangoni. Ukienda nyumbani, fika uani. Halafu langoni."

Katunge alimtukana, akafika mlangoni.

Lakini nyumbani kulikuwa na heshima, na heshima ndiyo ilimlaza. Huko kwetu mama mzee aliyetoka kupasuliwa halafu aonekane akijikokota na machuma, mwanawe atasemwa mpaka soko la Migwani. Basi wamama wa kanisa walipeana zamu. Wakamlisha, wakamwosha, wakamwekea beseni chini yake. Musembi, mwanawe wa pekee, alikichukua kile chuma akakiweka ghalani, kuku wakakipata cha kulalia. Na tuseme ukweli, mwanzoni Katunge alipenda. Maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa akipakua. Kulishwa ni kutamu. Mpaka kikohozi kilipoanza, na kisigino kikageuka rangi kama parachichi lililolala.

Panga likaanguka tena.

"Kanyiva, niletee kile chuma."

"Musembi amekataza."

"Musembi nilimzaa mimi au ulimzaa wewe?"

"Ukianguka watasema mimi ndiye nimekuua!"

"Na nikilala nife, watasema ni Mungu. Chagua wa kusingiziwa."

Kanyiva alisonya, akaweka kikombe chini, akatoka. Alirudi na chuma kikinuka kuku, akakifuta kwa leso yake. "Kama ni kufa, basi kufa ukiwa msafi," alisema, akampa bega.

Kusimama kulimtoa jasho kabla ya kumtoa kitandani. Nyonga iliwaka. Alisukuma chuma, akauvuta mguu, akasukuma tena, akimtaja Nasreen kwa majina ambayo Nasreen hakupewa na wazazi wake. Kizingiti kilikuwa kirefu kuliko alivyokikumbuka. Alipokivuka, jua lilimpiga usoni na mapanga yote yakanyamaza.

Musembi alitupa jembe akaja mbio, mikono mbele, tayari kumbeba.

"Ukininyanyua," Katunge alisema, akiachilia mkono mmoja na kuuweka juu ya ziwa lililomnyonyesha, "nitakutamkia neno hapa hapa."

Musembi alisimama kama aliyegonga ukuta. Wote pale ni watu wa kanisa, lakini laana ya mama aliyeshika ziwa hakuna anayeijaribu aone kama bado inafanya kazi.

"Mwaitu," alisema, macho yamemlegea, "daktari aliniambia kwa mdomo wake. Katika wazee wanne waliovunjika hivi, mmoja hamalizi mwaka."

"Na wale watatu?"

"Watatu gani?"

"Nakuuliza, mwanangu. Wale watatu daktari alisema wako wapi?"

"Hakusema. Sikumwuliza."

"Hukuuliza. Ulimsikia mmoja ukaenda kuita mapanga."

Machozi yalimtoka Musembi mbele ya wanaume wenzake. "Niliogopa kukutwa bila kujiandaa. Watu wangesema sikukutunza."

"Basi nitunze. Nyonga hii inaweza kuniua, sikatai. Lakini initafute nikitembea."

Kilonzo, mwenyekiti wa mwethya na mzee wa kanisa, alikohoa kidogo. "Mwaitu Katunge, lango pana ni maendeleo pia."

"Kilonzo! Kila Jumapili unatuhubiria mlango mwembamba, leo umekuja kuupanua kwangu?"

Kicheko kililipuka uani, hata Kilonzo akaficha mdomo kwa kofia. Lakini kulikuwa na tatizo. Mwethya ukishaitwa hauvunjwi. Muthokoi wa kuwalisha, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ulikuwa tayari unachemka, na kula cha mtu bila kumfanyia kazi ni aibu ambayo ingewafuata. Katunge aliliona hilo kabla yao.

"Ile miti mliyoleta ya lango jipya, ipasueni. Chimbeni mashimo kutoka mlango huu mpaka chooni, na kutoka chooni mpaka langoni. Niwekeeni fito za kushika pande zote mbili. Beseni silitaki tena."

Wakaanza. Musembi alichimba shimo la kwanza, akalichimba kwa hasira, halafu kwa utulivu. Kanyiva alimsukumia rafiki yake kigoda. Katunge alikitazama, akakikataa, kisha akakaa kwa sababu hakuwa mjinga.

Fito zilipokwisha kusimama, na wanaume walipokwenda kunawa ili wale, alizijaribu. Alikwenda kwa mikono na mguu mmoja na nusu, akitema makohozi kando, akipumzika kila alipotaka, mpaka langoni. Pale ua ulipokatwa, mnyaa ulikuwa bado ukitoa maziwa, na matawi yalilala chini.

"Musembi, yachomeke ardhini hayo. Angalia utomvu usikuingie machoni."

"Yatashika, na ukame huu?"

"Mnyaa ukikatwa unachomekwa, unaendelea. Chomeka."

Akachomeka, moja baada ya jingine, pengo likazibika. Kanyiva aliyekuwa akifuata nyuma aliangalia lango lililorudi kuwa jembamba kama zamani. "Na gari likija je?"

"Lisimame barabarani. Anayenitaka aingie kwa miguu, kama mimi."

Kisha akazishika tena fito na kugeuka, maana mlango sasa ulikuwa mbali, na muthokoi ulikuwa unapakuliwa huko, na hakuna aliyethubutu kumletea sahani alipo.