Vidonge Ndani ya Debe la Ndengu

Mwaka wa themanini na sita, Nthenya alikwenda kliniki pale Matiliku kutafuta dawa ya kupunguza mwili, maana magoti yalikuwa yamekataa kumbeba. Daktari Muthama alimpima presha, akaona iko sawa, kisha akamuuliza kwa upole:

"Mama, dawa hii hukimbiza moyo. Umewahi kuwa na presha? Kuna dawa ingine unameza?"

Pembeni alikuwa nesi Kavata, kalamu juu ya kadi. Kavata huyo huyo wa kwaya yao, aliyepiga makofi kuliko wote siku Nthenya aliposhuhudia kwamba Bwana amemponya presha. Sasa angesema nini? Kwamba vidonge vya presha bado anavimeza kila asubuhi, na amevificha ndani ya debe la ndengu?

"Hakuna, daktari."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Lakini wahenga hawakuwahi kutoa ushuhuda mbele ya kanisa lililojaa pomoni.

Siku ya nne tangu aanze dawa ya daktari, moyo ulianza kumwenda mbio hata akiwa ameketi, mdomo umemkauka. Nthenya aliogopa vibaya. Je, aliishuku dawa mpya? Wapi! Aliona ni Mungu anamwadhibu kwa uongo wake. Basi, maskini, akatubu kwa njia mbaya kuliko zote: akaacha vidonge vya presha ili ushuhuda wake uwe wa kweli, akaendelea na vile vya kupunguza mwili.

Wiki moja baadaye, akipepeta ndengu, kichwa kilianza kumgonga na macho yakaingia ukungu. Ungo ukamponyoka. Mumewe, Ndolo, alimpakia kwenye mkokoteni, akaswaga ng'ombe hadi kliniki huku akiomba kwa sauti.

Kavata alimfunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akasoma, akapima tena. Akamwita daktari haraka. Nthenya alipoona hivyo, akajiuliza. Kumbe kifo kiko karibu hivi?

"Mama," daktari akasema, "nataka kukudunga sindano. Kama kuna kitu umenificha, naweza kukuumiza bila kujua. Sema saa hii."

Alimtazama Kavata, akaona kanisa zima linamtazama. Kisha akamwona Ndolo mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyefika matangani.

"Nilikuwa nameza za presha. Ziko kwa debe ya ndengu. Niliziacha wiki iliyopita. Mimi sikupona, daktari, niliona aibu kusema."

Kisha Kavata akainamisha kichwa.

"Hata mimi nilijua alikuwa na presha, daktari. Niliogopa kuandika, nisionekane sina imani."

Daktari aliwatazama wote wawili, hasira na huruma zikigombana usoni mwake.

"Nitapona?" Nthenya akauliza.

Daktari hakumwambia ndiyo. Alimsogezea Kavata kadi. "Andika yote," akasema. "Sasa najua ninachotibu."

Kavata akaanza kuandika, na Nthenya akamtajia yote, bila kubakisha hata kidonge kimoja.