Nje ya Geti la Katindo

Mwaka wa elfu mbili na moja, kila mara timu ya basketi ya Aboubacar ilipokutana na timu ya kambi, watu wa Goma hawakuulizana kama Landry atatolewa. Waliulizana atatolewa dakika gani.

Landry alikuwa mtu wa milima ya Masisi, mrefu, mpole, mwenye mabega ya mtu aliyebeba magunia tangu utotoni. Katika basketi alikuwa pivoti, yaani yule anayesimama chini ya kikapu na kupokea viwiko vya kila anayepita. Timu yake ilikuwa mali ya Aboubacar, mfanyabiashara mwenye asili ya Maniema. Biashara yake ya madini ya koltani ilipomnufaisha, Aboubacar aliamua kuwalipa wachezaji wake mshahara, jambo ambalo mji haukuwa umelizoea. Wakaitwa maprofesioneli. Wengine walilitamka jina hilo kwa kicheko, lakini Landry alilichukua kwa uzito. Hakunywa pombe, alilala mapema, na asubuhi alikimbia kutoka kwake Ndosho, akiifuata njia ya Sake mpaka nyumba zinapokwisha, kisha akarudi.

Timu ya kambi ilikuwa ya askari wa waasi walioushika mji wakati ule. Nyota wao alikuwa ofisa kijana, Kapiteni Chance. Alijua kucheza, hilo hakuna aliyelikataa. Alikuwa mwepesi, na mkono wake wa kushoto ulipeleka mpira kikapuni bila kelele. Shida yake ilikuwa hasira. Timu yake ikianza kushindwa, alipiga: kiwiko cha mbavu, goti, siku nyingine ngumi waziwazi. Na kwenye benchi la timu yake walikaa walinzi wake, bunduki katikati ya magoti, wakila karanga.

Basi ikawa desturi. Kapiteni anampiga Landry, Landry anageuka na kufungua mdomo, filimbi inalia, mwamuzi anamtoa Landry. Mchezaji aliyetolewa haruhusiwi kubaki machoni pa watu. Anatakiwa aende chumba cha kubadilishia nguo. Uwanja wa mjini, ule wa nyuma ya kanisa, haukuwa na chumba. Aliyetolewa alipita getini na kujikuta barabarani na jezi iliyolowa jasho, kati ya wauza makaa na vijana wanaosukuma chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizojaa viazi.

Landry alirudi hivyo kwa miguu mpaka Ndosho. Wanawake wa soko walimjua.

"Bamekufukuza tena, Papa Marie-Louise?"

"Njo vile, mama."

"Pole, baba. Kesho watamufukuza na yule Kapiteni."

Hakuna aliyemfukuza Kapiteni. Landry alifika kwake, mkewe Marcelline akamwekea maji ya kuoga bila kuuliza, na binti yao Marie-Louise akamtazama baba yake kwa namna ambayo Landry hakuipenda. Ilikuwa namna ya mtoto anayeanza kuamini kwamba kama mtu anafukuzwa kila mara, bila shaka kuna kitu anachofanya.

Mwamuzi wa mechi hizo alikuwa Muzee Useni. Wiki nzima aliendesha lori la maharage kati ya mji mdogo wa Kiwanja na Goma, Jumapili akavaa shati la mistari na filimbi shingoni. Ni yeye aliyemfundisha Landry kushika mpira, zamani, Landry alipoteremka kutoka Masisi akiwa hajui hata mstari wa uwanja unamaanisha nini. Ndiyo maana ilimuuma zaidi. Siku moja, baada ya Landry kutolewa kwa mara nyingine tena, Muzee Useni alimfuata mpaka nyumbani. Marcelline akampa kiti. Landry akabaki amesimama mlangoni.

"Muzee, mi sikufanya kitu," alisema. "Uliona kwa macho yako."

"Niliona."

"Basi ju ya nini?"

Muzee Useni alivua kofia yake, akaiweka gotini. "Mutoto wangu, nikikutoa wewe, unakuja kula kwako, unalala. Nikimutoa yule, siye bote tunaenda wapi? Ile barabara ya Kiwanja naipita kila wiki. Pale barrière ya baaskari, mvulana ambaye hajaota ndevu ananishikia bunduki hapa," akagusa shingo, "ju tu sura yangu haikumupendeza. Na pale uwanjani kuna watoto juu ya ukuta."

Landry alielewa, na kuelewa kulimchosha kuliko viwiko. Angekuwa na mtu wa kumchukia, angelala vizuri. Tangu siku ile aliendelea kutolewa, ila hakufungua tena mdomo. Kapiteni alipompiga, alisubiri filimbi, akachukua njia ya geti. Kuna Jumapili alianza kutembea kabla filimbi haijalia.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, volkano ya Nyiragongo ilipasuka. Moto haukutoka juu peke yake. Ardhi yenyewe ilifunguka ubavuni mwa mlima, na lava ikateremka katikati ya mji ikila nyumba, maduka na kanisa kubwa mpaka ikaingia ziwani. Ndosho iko magharibi, haikuguswa, lakini ardhi ilitetemeka bila kupumzika na hakuna aliyethubutu kubaki chini ya paa. Landry alimbeba Marie-Louise mabegani, Marcelline akachukua sufuria na blanketi, wakaingia katika umati uliokuwa ukienda Sake.

Njiani, mahali ambapo watu walikuwa wamekaa chini kwa uchovu, alimwona mwanaume mwenye godoro kichwani. Alivaa shati la kawaida na kandambili, na nyuma yake mama mzee alikuwa ameshika pindo la shati lile kama mtoto. Landry alitazama mara ya pili ndipo akamjua. Hakuwa na mlinzi hata mmoja.

"Kapiteni," alisema.

Chance aligeuza kichwa taratibu, godoro lisianguke. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la mlima. Landry akamnyooshea bido, lile dumu lao la maji. Chance akaweka godoro chini, akamnywesha mama yake kwanza, akanywa mafunda mawili, akafunga bido vizuri na kulirudisha.

"Asante, mukubwa," alisema. Akapandisha godoro kichwani, wakaendelea mbele.

Watu walirudi mjini kabla mawe hayajapoa. Palipokuwa na maghala ya Aboubacar palikuwa na jiwe jeusi linalofuka moshi. Uwanja wa nyuma ya kanisa ulikuwa chini ya jiwe hilohilo. Aboubacar aliwaita wachezaji wake, akawaambia ukweli: mshahara umekwisha. Wengine waliondoka kwenda kutafuta maisha Bukavu. Landry alibaki, kwa sababu hakuwa na pa kwenda, na kwa sababu kukimbia asubuhi kulikuwa kitu pekee ambacho mlima haukuwa umekibadilisha.

Viongozi wa mchezo walipotaka mechi zianze upya, uwanja mmoja tu wa saruji ulikuwa mzima, ule wa ndani ya kambi ya Katindo. Kwa hiyo timu ya Aboubacar, wachezaji saba waliobaki, iliingia kambini kupitia geti la askari kucheza na timu ya kambi. Raia waliruhusiwa. Walijaa ukutani, wengi wao watu ambao hawakuwa na nyumba tena na hawakuwa na kitu kingine cha kufanya Jumapili.

Landry aliingia uwanjani akifikiri kwamba baada ya ile siku ya njia ya Sake mambo yatakuwa tofauti kidogo. Kwa muda yalikuwa hivyo. Chance alicheza bila kumtazama. Lakini katika kipindi cha pili timu ya kambi ikaachwa nyuma, askari wakaanza kumzomea ofisa wao, na mpira uliofuata ulipoanguka chini ya kikapu, kiwiko kikaja. Kilimpata Landry juu ya jicho. Nyusi ikachanika, damu ikamwagika shavuni mpaka kwenye jezi.

Filimbi ikalia na yeye akageuka kuelekea geti, kama kawaida.

"Wewe, rudi!" Muzee Useni aliita.

Landry akasimama. Muzee alikuwa ameinua mkono, na kidole chake hakikumwelekea yeye.

"Numero douze," alisema, yaani jezi namba kumi na mbili. "Kapiteni. Toka."

Chance alibaki amesimama na mikono kiunoni, kama aliyesikia lugha asiyoijua. Kwenye benchi mlinzi mmoja akainuka. Wa pili naye akainuka, na sauti ya chuma ikasikika, ile sauti ndogo ya bunduki inayowekwa tayari, ambayo kila mtu wa mji ule aliijua.

Landry alimtazama Muzee Useni. Kidole cha mzee kilikuwa hakijashuka. Landry akafikiria lori, barabara ya Kiwanja, wavulana wa barrière. Wiki hiyo mzee yule angeipita njia ileile, na namba ya lori lake ilijulikana.

"Muzee, ni mimi," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka benchi. "Mimi njo nilimusukuma wa kwanza."

"Hukumusukuma."

"Nilimusukuma. Natoka."

"Landry! Nimesema rudi!"

Hakurudi. Alipita getini, na hakujisikia shujaa. Alijisikia kama mtu anayekwenda kazini siku ambayo hakulala. Nje ya geti kulikuwa na lundo la mawe meusi ambayo askari walikuwa wameyakata ya kujengea. Akakaa juu yake, akavua jezi na kuikandamiza kwenye jicho.

Alisubiri kusikia mpira ukidunda ndani. Haukudunda. Aliogopa kusikia kitu kingine, na hicho nacho hakikusikika. Kisha geti likafunguka, na Kapiteni Chance akatoka peke yake. Akaangalia kushoto na kulia, kama mgeni mjini.

"Yule muzee amekataa," alisema. "Ameweka mpira kwapani. Amesema hakuna mchezo mpaka nitoke."

"Na vijana wako?"

"Nimebaambia bakae." Alijipangusa uso. "Ningebaki, mumoja angefanya upumbavu, na kesho njo mimi wa kuandika ripoti." Akatazama mawe, akatazama barabara. "Mutu akitolewa, anakaaka wapi?"

"Mimi naendaka kwetu."

"Kwetu ni mule ndani."

Landry alicheka bila kutaka, na kidonda kikamuuma. Chance hakucheka, ila alikaa, mbali kidogo, juu ya jiwe jingine. Ndani ya ukuta mpira ulianza kudunda. Wakausikiliza kwa muda, wanaume wawili wasioweza kujua nani anafunga.

"Mama anakuulizia mara nyingi," Chance alisema baadaye. "Yule mutu wa maji."

"Basi ju ya nini unanipiga?"

Kapiteni alifikiri. Alionekana mtu ambaye hakuwahi kuulizwa. "Njo wewe unakuwaka pale chini ya kikapu," alisema mwishowe.

Hakuomba msamaha, na Landry hakuwa na nguvu ya kumdai. Kelele zilipopanda ndani na mechi ikaisha, wote wawili walisimama. Timu ya kambi ilikuwa imeshinda kwa kikapu kimoja. Muzee Useni alitoka akiwa amezungukwa na watu wanaompongeza, akawapita wote wawili bila kuwasalimu.

Kesho yake jioni alikuja Ndosho. Safari hii hakungoja kiti.

"Maisha yangu yote ya filimbi," alisema, "siku moja tu nilipata nguvu. Siku moja, Landry. Na wewe ukaninyang'anya."

"Nilikuogopea, muzee."

"Na mimi mwaka muzima nilikuwa nakuogopea wewe. Uliona tamu?"

Marcelline alileta chai, akaweka vikombe katikati yao na kuondoka. Ardhi ikatetemeka kidogo, kama ilivyokuwa ikifanya mwaka ule, na wanaume wale wakasubiri ipite, wakiwa wameshika vikombe vyao. Ilipopita, Muzee Useni alisogea, akaigeuza sura ya Landry kwenye mwanga wa mlango, akakagua nyusi.

"Haikushonwa vizuri," alisema.

"Nilishonwa na infirmier, muuguzi wa kambi. Kapiteni njo alimuita."

Mzee akaguna. Alikunywa chai yake mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba mpakiaji wake alikuwa ameondoka tangu ile siku ya mlima na hajarudi, na kwamba kwa kuwa Aboubacar hana tena cha kuwapa, Landry angeweza kuja Kiwanja kubeba magunia, kama hatajali kufanya kazi na mtu aliyekasirika.

"Utakasirika mpaka lini?"

"Sijui. Barabara ni ndefu na imeharibika."

Asubuhi Landry alikuwa kando ya lori. Alifanya kazi ile mpaka mwaka ukaisha, akicheza Jumapili walizofanikiwa kurudi mapema. Kapiteni Chance alipelekwa upande wa Kindu, ambako vita vilikuwa vikiendelea, na habari zake hazikufika tena. Mama yake alibaki Katindo kwa ndugu. Siku moja ya mvua Landry alimpelekea nusu gunia la maharage. Mama yule alimjua kuwa ndiye mtu wa maji, akamkaribisha ndani, akamketisha, akamuuliza ni mtoto wa nani, kisha wakakaa wakizungumza juu ya bei ya maharage mpaka mvua ikakatika.