Uwanja Mtupu wa Heramaya

Kwenye mapitio ya mwaka ya ramani ya mji wetu wa Patan, afisa mipango alitangaza eti uwanja wa mtaa wetu ni kiwanja kitupu, kijengwe maduka.

"Njoo ukione kwanza," shangazi yangu Heramaya alimjibu.

Afisa alikuja wakati wa mavuno. Tulikuwa tumeanika mpunga uwanja mzima, ukuta hadi ukuta.

"Nipite wapi, mama?"

"Si ulisema ni kitupu? Pita!"

Tulicheka mpaka naye akacheka. Maduka yakafutwa kwenye ramani.

Siku hizi hatulimi tena. Lakini kila mwaka mapitio yakikaribia, tunanunua mpunga sokoni, tunauanika ukuta hadi ukuta. Aje mtu aukanyage, tumwone!