Wanja Usiowasha

Siku ya harusi yao kule Bukavu, Nsimire alipakwa wanja na dada zake, na kabla misa haijaisha kope zake zilikuwa zimevimba. Kwenye picha zote anaonekana kama mtu aliyelia. Tangu hapo hakupaka tena kitu machoni, ingawa kila alipopita mwanamke aliyejipamba, mumewe Murhula alimwona mkewe akigeuka kumtazama.

Sasa Nsimire alikuwa Muscat akifanya kazi za ndani, na mwajiri alikuwa amemwahidi likizo Desemba. Murhula, fundi cherehani aliyebaki nyumbani mtaani Kinama, akaamua kwamba mkewe akirudi atakuta wanja anaoweza kuupaka.

Akaenda mtaa wa Jabe kwa Massoudi, muuza vipodozi, akamweleza shida ya macho yale. Massoudi aliziweka kando penseli za kumetameta, akisema chembe zake hukwaruza. Wanja wa jiwe la kusagwa pia aliukataa, kwani mwingine una sumu. Mwishowe akatoa kikopo cha wanja wa masizi, nta ya nyuki na mafuta ya nyonyo, usiotiwa marashi. Hata huo, akaonya, ngozi nyingine huukataa, kwa hiyo ujaribiwe kwanza nyuma ya sikio.

Murhula akataka kuujaribu palepale kwenye sikio lake. Massoudi akamuuliza kama ana ngozi ya mkewe.

Mwenye ngozi hiyo alikuwa Benite, binti yao, ambaye sabuni yoyote yenye harufu humtoa vipele kama mama yake. Benite alipaka kidogo nyuma ya sikio, na kesho yake ngozi ilikuwa safi. Akangoja tena, kisha akajichora mstari mwembamba kwenye kope. Macho hayakuwasha wala kuvimba. Murhula aliacha kushona. Ilikuwa kama Nsimire ameingia tu kutoka sokoni.

Jumapili Nsimire alipiga simu ya video. Kabla hata ya salamu alisema likizo imefutwa: mwajiri amejifungua na hawezi kumwachia hadi mwakani. Mwezi hakuutaja. Aliongea akijikaza, halafu akamwona Benite nyuma ya baba yake.

"Sogea, mutoto wangu. Nione macho."

Benite akasogea. Nsimire aliuliza kama wanja unawasha, akaambiwa hapana. Murhula akamsimulia yote, akasema atamwekea kikopo mpaka aje.

"Usiniwekee, Papa Benite. Kitu ya mafuta inaharibika. Mutoto ajipake. Siku nikikuja, utanitafutia ingine."

"Nitatafuta."

Nsimire akamwomba Benite afumbe macho, auone mstari vizuri. Benite akafumba. Kutoka ndani ya nyumba ile ya mbali mtu alimwita Nsimire, na simu ikakatika. Benite alikuwa bado amefumba macho, ameinua uso kuelekea kioo cheusi cha simu, mpaka Murhula alipomgusa bega.