Ndege Iliyotua Bila Rubani

Kutoka Kamembe hadi uwanja wa ndege wa Kavumu, ng'ambo ya ziwa na ya mpaka, ndege ndogo hutumia dakika kumi na mbili. Karatasi za safari hiyo zilimchukua Muhigirwa wiki sita, na hakuna aliyemsikia akilalamika, maana Muhigirwa alikuwa mtu wa karatasi. Alikuwa na kinu cha mpunga kule Bugarama, leseni ya rubani binafsi, ndege ya viti vinne aliyoinunua pamoja na wenzake wawili, na shati jeupe lenye mistari mabegani ambalo hakuna aliyemlazimisha kulivaa. Wapakuaji mizigo wa uwanjani walimwita Commandant. Alijifanya halipendi jina hilo, lakini asiyemwita hivyo alijibiwa kwa kuchelewa.

Mwaka huo wa korona madaraja ya Rusizi, mto wa mpakani, yalipitisha malori tu. Mama yake, Vénantie, miaka themanini na moja, alikuwa upande wa pili, Bukavu, katika nyumba ambayo Muhigirwa aliweza kuonyesha bati lake kwa kidole akiwa uani kwake. Kabla ya hapo Vénantie aliishi na dada yake. Dada akashikwa na homa, akapelekwa kwenye chumba cha kutengwa, mlango ukafungwa, na ndugu waliporuhusiwa kumwona tena alikuwa ndani ya sanduku lililopigwa misumari. Tangu siku hiyo Vénantie hakufunga mlango wowote akiwa ndani, hata wa choo. Kwenye simu alimwuliza mwanawe jambo moja tu.

"Nikikuya kwako, batanifungia mu chumba peke yangu?"

"Hapana, Maman. Tutakuwa wote. Nilisoma."

Na kweli alikuwa amesoma, kurasa zote kumi na nne. Abiria wanaoingia nchini watakaa siku saba kwenye nyumba ya wageni iliyotengwa, mpaka kipimo cha pili. Familia iliyosafiri pamoja inaweza kukaa chumba kimoja. Sentensi hiyo ya mwisho aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kisha akaomba kibali cha kuruka, kibali cha kutua, kibali cha mama kutoka na kibali cha mama kuingia. Kipimo cha pua kilikuwa na uhai wa saa sabini na mbili tangu kilipochukuliwa. Chake kilisafiri kwa gari hadi Kigali, na jibu lilirudi likiwa limeshakula saa hamsini. Alhamisi saa tatu asubuhi aliruka na zile zilizobaki.

Kavumu hakuruhusiwa kuondoka penye ndege. Alisimama chini ya bawa mpaka mama akaletwa na Bashige, mtu anayewashughulikia marubani karatasi zao uwanjani hapo. Vénantie alikuwa na kikapu mkononi na barakoa mbili usoni, moja juu ya nyingine. Muhigirwa hakuwa amemwona kwa miezi tisa. Alitaka kumkumbatia, akakumbuka ukurasa wa nne, akampungia mkono kwa umbali wa mita mbili.

Bashige alitazama fomu ya kuondokea, akacheka.

"Commandant, weye unajitafutia mateso. Andika Maman ni équipage, mufanyakazi wa ndege. Ba équipage habafungiwe, banaenda tu kwabo. Weye unaendesha, yeye anakuangalilia njia."

"Miye?" Vénantie alishtuka. "Hata kinga ya magurudumu mabili sijue kupanda!"

"Muntu mwenye haendeshe ndege si équipage," Muhigirwa alisema. "Nitaandika vile iko."

Akaandika: rubani, mmoja, abiria, mmoja. Alikuwa ametajiwa jibu la mtihani wake mwenyewe, na hakulisikia.

Angani Vénantie alishika kiti kwa mikono miwili, lakini macho hakuyafumba. Chini, malori yalikuwa yamejipanga kwenye daraja.

"Bale banapita," alisema.

"Bale ni mizigo, Maman."

"Basi ungeniandika muzigo."

Walitua Kamembe saa tano kasorobo. Mezani, nje ya jengo, alikuwapo Divine, muuguzi kijana aliyewekwa hapo kupokea wasafiri. Alipima joto la kila mmoja, akasoma vyeti mara mbili, akagonga mihuri.

"Maman, mukaribie. Gari ya kupeleka ba passagers kwa nyumba ya bageni iko pale. Commandant, muende kwenu, musitoke siku saba."

"Tunaenda wote," Muhigirwa alisema. "Ukurasa wa tisa. Famille moja, chumba moja."

"Ile ni ya ba passagers. Ya pilote iko ukurasa wa kumi na mbili. Pilote haikale na passager."

Ukurasa wa kumi na mbili aliujua. Aliusoma kama tunavyosoma mambo yanayowahusu wengine. Sheria ni msumeno, hukata kwenda na kurudi, na huu ulikuwa umemngoja arudi.

Vénantie hakulia. Aliweka kikapu chini, akamshika mwanawe mkono wa shati.

"Ulisema ulisoma."

Muhigirwa aliona aibu kubwa kuliko yoyote aliyopata kuona tangu awe mtu mzima. Aliwatazama wapakuaji, akamtazama dereva aliyekwisha kufungua mlango wa gari.

"Divine, niandike passager."

"Na ndege ilikuya na nani?"

"Weka passagers babili."

"Commandant, nikiweka babili, pilote ni nani? Batauliza. Leseni yenu bataikamata."

"Bataniuliza miye. Leta, ninasaini mwenyewe."

Mtu aliyekataa kudanganya kwa neno moja kule Kavumu alichukua kalamu, akakata yaliyoandikwa kwenye fomu ya kuingilia, akaandika upya: abiria, wawili. Penye rubani alisita. Kuandika jina la mtu mwingine kulimshinda. Kuandika lake ni kumpeleka mama peke yake. Akapaacha wazi, akaweka sahihi chini.

Divine aliigonga fomu muhuri.

"Haya, Papa," alisema, "mupande gari."

Muhigirwa akaitika papo hapo.

Walipewa chumba chenye vitanda viwili, na mlango wakauzuia kwa kiti usijifunge. Siku ya tano Divine alikuja kupima joto, akaleta na barua kutoka Kigali. Ilikuwa ya adabu sana. Ilisema kwamba ndege ya viti vinne ilitua Kamembe siku ya Alhamisi ikiwa na abiria wawili na bila rubani, na ikamwomba mmiliki aeleze kwa maandishi nani aliyeiendesha.

Vénantie alikuwa kitandani akimenya ndizi mbivu.

"Banasema nini?"

"Banauliza nani alileta ndege."

Mama alistaajabu kwamba watu waliosoma wanaweza kukosa kujua jambo kama hilo.

"Baandikie," alisema. "Ni mutoto wangu."

Muhigirwa aliandika barua hivyo hivyo, mstari mmoja, kwamba ni mtoto wa abiria wa pili, akatia sahihi, akampa Divine aipeleke. Leseni ilisimamishwa mwaka mzima.